Msingoje Asubuhi

Wajukuu zangu, mzee akiwaita vijana barazani kwa kawaida anataka wawasikilize wazee. Leo nawaomba kinyume chake. Mtoto wenu akianza kutapika na kuharisha, kisha shangazi, mama mkwe au jirani mwenye mvi kama zangu akasema, "Hayo ni meno tu, yatapita," mwitikieni kwa adabu, mpeni kiti akae, halafu msimfuate.

Nasema haya nikiwa mtu aliyevaa gauni la unesi tangu usichana mpaka kustaafu, muda mwingi katika wodi za watoto mkoani Tanga. Wengi niliwaona wakipona, tena kwa haraka ya kushangaza. Waliokufa nao nawakumbuka. Kwa wengi wao nyumbani palikuwa na mtu mzima mwenye sauti ya uhakika aliyesema tungoje.

Jino haliharishi. Meno huanza kuchomoza kwenye miezi sita hivi, na katika umri huohuo mtoto anajifunza kutambaa, anatia mdomoni kila anachookota, anaanza kulishwa uji kwa kijiko kilichopita mikononi mwa watu, na ile kinga aliyotoka nayo tumboni mwa mama inakuwa imekwisha. Ndiyo sababu virusi vya tumbo humpata hasa kati ya miezi sita na miaka miwili. Jino na ugonjwa vimekutana njiani tu, hakuna aliyemzaa mwenzake.

Laiti yangekuwa maneno matupu. Tangu miaka ya 1980 kumeenea nchini kwetu, na kwa majirani zetu pia, jambo la meno ya plastiki. Mtoto ana homa, anaharisha, ufizi umevimba kidogo mahali pa chonge. Mganga anamfunua mdomo, anaona kitu cheupe ndani ya ufizi, anasema hicho ndicho kinachomsumbua. Anakichimbua kwa kisu, kwa kucha au kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Anachokitoa ni jino halali la mtoto ambalo halijakomaa. Sasa yule aliyekuwa amepungukiwa maji amepata na kidonda kinachovuja damu, hawezi kunyonya kwa maumivu, na chombo kilichotumika hakikuchemshwa. Niliwapokea wa namna hiyo, midomo imevimba, macho yamezama, na mama anashangaa kwamba meno yametolewa yote na kuharisha hakujakoma.

Jingine ni kubemenda, nalo naliona baya zaidi kwa kuwa linamfunga mama mdomo. Mtoto akiharisha na kukonda, watu hunong'ona kwamba wazazi wamekutana kabla mtoto hajaacha ziwa, au baba ametoka nje akarudi na uchafu wake. Mama kijana mwenye haya akiusikia mnong'ono huo hatatoka hadharani na mtoto. Atamfunika kanga, atatafuta dawa ya kumwogesha kimyakimya, zahanati atafika siku ya tatu. Wengine huacha hata kunyonyesha wakidhani maziwa yameharibika, na hapo mtoto anakuwa amenyang'anywa kinywaji bora alichokuwa nacho. Kama baba mkwe yuko karibu aniwie radhi: tendo la ndoa halimharishi mtoto. Kinachomharisha kimeingia kwa mdomo wake.

Kuhusu utosi, hapo wazee wetu waliona vizuri wakafasiri vibaya. Ni kweli kwamba utosi wa mtoto mchanga ukididimia hali ni mbaya. Umedidimia kwa sababu maji yamepungua mwilini, na dawa ya kupaka juu ya kichwa haiwezi kuyarudisha.

Nilipoanza kazi, daftari la wodi lilikuwa na neno moja tu mbele ya majina ya watoto hawa: kuharisha. Sababu hatukuijua, na hata hospitali kubwa za nchi tajiri zilikuwa zikikisia kwa muda mrefu. Bakteria walipatikana kwa wachache, wengine wote hawakuonekana na kitu. Mwaka 1973 huko Melbourne, Australia, mtafiti aitwaye Ruth Bishop na wenzake walichukua vipande vidogo vya utumbo wa watoto waliolazwa kwa kuharisha, wakaviweka chini ya darubini ya elektroni, wakakuta seli zimejaa virusi vya mviringo. Hao ndio rota. Mwaka uliotangulia, Albert Kapikian wa Marekani alikuwa ametangaza kirusi kingine, alichokiona katika kinyesi kilichohifadhiwa tangu mlipuko wa 1968 kwenye shule moja ya mji wa Norwalk, Ohio. Leo tunamwita noro. Baadaye wakajulikana astro, sapo na adeno wa namna ya 40 na 41. Majina hayo si lazima myakariri. Jueni tu kwamba wako wengi, kwamba dalili zao zinafanana, na kwamba kwa macho huwezi kumtofautisha mmoja na mwingine, ingawa noro huwa na haraka ya kuja na kuondoka na adeno hupenda kukaa hata zaidi ya wiki.

Katika kuwalaza watoto hospitalini, rota alikuwa hana mpinzani. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walipima watoto waliolazwa wakiwa wanaharisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kumkuta katika karibu watatu kati ya kila kumi. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanyika katika nchi saba za Afrika na Asia, Kenya ikiwamo, na kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja rota ndiye aliyeongoza kila mahali. Kila mahali, nasema, hata pale ambapo maji, vyakula na vyoo vinatofautiana sana.

Hapo pana jambo linalowasumbua vijana wasafi. Mama mwenye nyumba inayong'aa huona aibu mtoto wake akiharisha, kana kwamba ameshitakiwa. Rota hachagui nyumba. Wa Raskazone na wa Makorora kule Tanga, hata wa Stockholm, karibu kila mtoto duniani huambukizwa angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka mitano. Mgonjwa hutoa virusi mabilioni kwa mabilioni katika kinyesi kidogo sana, na pengine mia moja au chini yake vinatosha kumwangusha mwingine. Vinadumu mikononi kwa saa kadhaa, na kwenye meza, mwanasesere au kitasa cha mlango kwa siku nyingi. Usafi unapunguza, lakini peke yake haujawahi kumfukuza.

Sasa nisikilizeni hesabu hii. Marekani, kabla ya kuanza chanjo ya sasa mwaka 2006, rota alikuwa akiwalaza hospitalini watoto kati ya 55,000 na 70,000 kila mwaka. Waliokufa nchi nzima walikuwa kati ya 20 na 60. Duniani kote, mwaka 2000, rota aliua watoto wa chini ya miaka mitano wanaokadiriwa kuzidi laki tano, wengi wao Afrika na Asia ya Kusini. Kirusi ni kilekile. Nguvu zake ni zilezile. Wapo watakaosema tofauti ni lishe, na wana haki kwa sehemu, maana mtoto aliyekonda hana akiba. Lakini mimi niliyesimama mlangoni mwa wodi nikipokea wagonjwa nawaambia tofauti kubwa ni saa: saa zilizopita kati ya choo cha kwanza cha maji na kijiko cha kwanza cha maji ya dawa.

Utumbo mwembamba umefunikwa ndani na vinyuzi vidogo vilivyosimama, mfano wa taulo jipya, na vinyuzi hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula na maji. Rota huingia katika seli za ncha zake na kuziua. Ncha zikikatika, maji yaliyopaswa kufyonzwa yanapita moja kwa moja, na kirusi chenyewe hutoa protini inayoufanya utumbo umwage maji zaidi. Kutapika huanza kwanza mara nyingi, pamoja na homa, kisha choo kinakuja chepesi kabisa, hakina damu. Vinyuzi huota upya vyenyewe ndani ya siku chache. Mwili unajiponya, kazi yenu ni kuhakikisha haukauki kabla haujamaliza kujiponya.

Chukueni mtoto wa kilo nane. Akipoteza mililita 800 za maji, kiasi kisichojaza chupa ya lita moja, ameshapoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na huko ndiko tunakokuita kukaukiwa sana. Anayeharisha na kutapika kwa nguvu anaweza kufika huko kati ya machweo na alfajiri. Ndiyo maana sentensi ninayoiogopa kuliko zote katika Kiswahili ni hii: "Tuangalie mpaka asubuhi." Inasemwa kwa upole na watu wenye busara. Usiku bodaboda ni ghali, njia ina giza, mvua inanyesha, baba yuko safarini na simu yake haipatikani, na bila ruhusa yake mama hatoki. Kila sababu ina maana ukiitazama peke yake.

Ninyi wa siku hizi mna mtego ambao mama zenu hawakuwa nao: pampasi. Zamani nepi ya kitambaa ilikuwa ikilowa unaiona, unainusa, unaifua kwa mkono wako, unajua ni choo au ni mkojo. Choo cha rota ni maji matupu. Kikiingia ndani ya pampasi kinafyonzwa, kinaacha doa la rangi hafifu tu, na mama anatwambia mapokezi, kwa moyo safi kabisa, "Anakojoa vizuri, nesi, pampasi imejaa." Mkojo haukuwapo tangu adhuhuri. Mtoto akianza kuharisha, vueni pampasi, mfungeni kitambaa, mhesabu choo na mkojo. Ni kero na kufua ni kwingi, najua.

Mtazameni na mtoto mwenyewe. Analia na machozi hayatoki. Mdomo mkavu, ulimi unanata. Macho yamerudi ndani. Anaparamia kikombe kwa kiu, anasumbua, habebeki. Bana ngozi ya tumbo, pembeni ya kitovu, kisha iachie: ikirudi polepole, maji yamepungua, ikichukua zaidi ya sekunde mbili, chukueni kanga na kadi ya kliniki muondoke. Kisha kuna kimya. Huyu aliyekuwa akilia tangu jioni, saa nane za usiku ananyamaza, analegea, jicho nusu wazi, na nyumba nzima inashukuru kwamba hatimaye amelala. Mwamsheni. Asiyeamka sawasawa, anayeshindwa kunywa, asiye na nguvu ya kunyonya, anayetapika kila anachopewa, mwenye damu kwenye choo, aliyepata degedege, aliyetapika kijani, au aliye na umri chini ya miezi miwili, hao wote ni wa kwenda hospitali saa hiyohiyo. Njiani endeleeni kumnywesha kama anaweza kumeza.

Kuhusu maji yenyewe, mwaka 1971 vita vya Bangladesh vilisukuma wakimbizi kwa mamilioni hadi India, na kipindupindu kikaingia kambini. Katika hospitali ya Bangaon daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu. Akachanganya chumvi na sukari katika maji, akaweka kwenye mapipa, akawaambia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikifika karibu theluthi moja vilishuka hadi chini ya nne kwa mia kwa waliotumia maji yake. Kipindupindu ni bakteria, rota ni kirusi, lakini maji haya hayaulizi jina la mdudu. Hata utumbo ulioumia bado huweza kupitisha chumvi ikifuatana na sukari, na maji yakazifuata. Ruth Bishop na Mahalanabis wote wawili walifariki mwaka 2022, na magazeti yetu yaliyojaa habari za wachezaji hayakuona nafasi kubwa kwao.

Pakiti ya ORS, mchanganyiko huo wa chumvi na sukari, isikose nyumbani mwenye mtoto, ikae mahali panapojulikana na kila mtu hata dada wa kazi. Someni pakiti inataka maji kiasi gani, maana ziko za lita moja na za nusu lita, na anayechanganya kwa kukisia anaweza kumpa mtoto chumvi nyingi ikamdhuru. Maji yawe safi, yaliyochemshwa na kupoa. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Kama pakiti hakuna kabisa na duka limefungwa, lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Si nusu ya mkono, nusu ya kijiko. Aliye chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu ya kikombe kila baada ya choo cha maji, mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima.

"Bibi, anatapika yote." Hiyo niliisikia kila zamu. Mara nyingi ni kwa sababu mmemshikia kikombe akagugumia. Ngojeni dakika kumi, kisha anzeni tena kwa kijiko cha chai, kimoja kila dakika moja au mbili. Ni kazi ya kuchosha, inataka watu wawili wapokezane, na baba ana mikono miwili mizima. Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Maji ya dafu, maji ya wali, mtindi usiotiwa sukari, hivi vinasaidia nyumbani kabla hali haijawa mbaya. Soda, juisi za pakiti na chai yenye sukari nyingi huvuta maji yakarudi utumboni na kuzidisha kuharisha. Soda iliyotikiswa ikatoka gesi ni soda vilevile.

Dripu mnaipenda sana. Mzazi akiona mtoto hajatundikiwa chupa anahisi hajatibiwa, wapo walionitukana kwa hilo. Dripu ni ya aliyekaukiwa sana, asiyeweza kunywa. Kwa wengine kikombe na kijiko vinafanya kazi ileile bila sindano, na bila kuutafuta mshipa wa mtoto aliyekauka, kazi ambayo iliwahi kunitoa machozi mimi na mama wa mtoto kwa pamoja.

Dawa za duka nazo. Mzazi anaingia, anasema mtoto anaharisha, anatoka na Flagyl na chupa ya antibiotiki. Hakuna antibiotiki inayoua rota wala noro. Inachofanya ni kuua bakteria wema wa tumboni, pengine kuongeza kuharisha, na kuwafundisha bakteria wabaya kuizoea dawa ile siku mtakapoihitaji kweli. Choo chenye damu ni habari nyingine, huko antibiotiki huwa na kazi yake, naye daktari ndiye wa kusema. Dawa za kufunga tumbo za watu wazima, kama loperamidi, msimpe mtoto kabisa. Na kwa kuwa homa ipo, wengine wanakimbilia mseto wa malaria bila kupima. Malaria ipo na inaua, kwa hiyo kapimeni; lakini mseto uliotapikwa mara tatu huku maji yakisahaulika umewazika wengi.

Dawa inayosaidia kweli wengi huitupa katikati. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, nusu yake kwa aliye chini ya miezi sita. Kidonge kinayeyushwa kwenye kijiko kwa maziwa ya mama au ORS. Siku ya tatu choo kinashika, mama anaona kazi imekwisha, vilivyobaki vinaishia kabatini. Vile vilivyobaki vina faida ya miezi inayofuata: hupunguza uwezekano wa mtoto kuharisha tena upesi.

Chanjo ya rota. Tanzania iliizindua mwishoni mwa 2012, na Januari 2013 ikaanza kutolewa kliniki. Kenya ikafuata Julai 2014. Ni matone ya mdomoni, dozi ya kwanza wiki ya sita. Mpeleke wiki ya sita hiyohiyo, usingoje amalize mafua, usingoje uende kwenu ukirudi, maana rota huwakuta wengine kabla hata ya miezi sita. Sitawadanganya kwamba ni ukuta. Katika majaribio makubwa yaliyotangazwa mwaka 2010, huko Afrika Kusini ilizuia ugonjwa mkali kwa asilimia 77, na Malawi asilimia 49 tu. Kijana msomi aliwahi kunirushia tarakimu hiyo ya Malawi akidhani amenimaliza. Nikamjibu asome mstari unaofuata: kwa kuwa Malawi wagonjwa ni wengi mno, nusu hiyo iliokoa watoto wengi zaidi, kwa kila mia waliochanjwa, kuliko asilimia 77 ya Afrika Kusini.

Mtasikia pia kwamba chanjo hii inakunja utumbo. Uvumi huo una mzizi. Chanjo ya kwanza kabisa, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998, iliondolewa 1999 baada ya kuonekana kwamba watoto wachache waliopewa utumbo wao uliingia ndani ya sehemu nyingine ya utumbo ukajifunga. Iliondolewa kwa sababu watu walikuwa wakihesabu na kuchunguza. Zilizofuata zilijaribiwa kwa makumi ya maelfu ya watoto kwa ajili ya hofu hiyohiyo. Baadaye, nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, zilichunguza chanjo iliyokuwa ikitolewa kwetu, na matokeo ya mwaka 2018 hayakuonyesha ongezeko la hatari hiyo. Pamoja na hayo, mtoto yeyote, aliyechanjwa au asiyechanjwa, anayelia kwa kujikunja, akatulia, akalia tena, na choo kikatoka ute wenye damu, mkimbizeni kwa daktari mpasuaji.

Chanjo ya rota haimzuii noro. Katika nchi ambako chanjo imefanya kazi vizuri, kama Marekani, noro ndiye aliyeshika nafasi ya kwanza kwa watoto wanaotibiwa kuharisha. Huyo ana ubishi wake. Tangu korona kila mkoba una kichupa cha sanitaiza, na vijana mnajipaka mkitoka chooni mkidhani mmemaliza. Noro haogopi sana spiriti. Anaondoka kwa sabuni, maji yanayotiririka na kusuguana mikono, kati ya vidole na chini ya kucha. Sakafu na beseni alikotapika mtoto visafishwe kwa dawa ya klorini, ile mnayoiita jiki.

Mkilazwa, hadharini na wodi yenyewe. Mtoto anaingia na nimonia, siku ya tatu anaharisha, na watu wanasema hospitali imemharibu tumbo. Ameambukizwa na jirani wa kitanda, na aliyebeba virusi kutoka kule hadi huku ana mikono: mama, bibi, au mmoja wetu tuliovaa nyeupe. Ingieni na sabuni yenu. Kijiko na kikombe visiazimwe, hata kama mwenzenu ni mtu mwema. Ndugu zake wadogo wasiletwe kumwona. Na nesi akinyoosha mkono kumshika mtoto wenu kabla hajanawa, mwambieni anawe. Akinuna, anune.

Ninyi baba vijana, msikae pembeni mkidhani haya ni ya wanawake. Wekeni nauli ya usiku mahali mke anapopajua, na namba ya bodaboda mnayemwamini iandikwe ukutani. Ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali itolewe leo, mara moja, kwa siku zote zijazo, ili mama asiwe anapiga simu isiyopatikana huku mtoto akikauka mgongoni.

Mtoto akishapona atakuwa amekonda, mtamwona shingo imekuwa nyembamba. Wengi humpa uji mwepesi kwa kuogopa tumbo litarudi. Mpeni chakula chake cha kawaida, kilichopondwa, kilichotiwa mafuta kidogo, samaki au maharage, na kwa wiki mbili mumwongezee mlo mmoja kila siku juu ya ile aliyozoea. Zinki imalizike. Mwezi ukigeuka apelekwe kwenye mizani, na mstari wa kadi ukiwa bado uko chini, mlo ule wa ziada uendelee.